Henry Stanley, Mwandishi wa Gazeti: Jinsi Habari Zilivyotoka Ujiji Hata New York



Katika nchi za Mbulu na Hanang habari nyingi husafiri pamoja na watu. Mtu hutoka mnadani Katesh, hupita Dareda, hupanda ukuta wa bonde kwenda Dongobesh na Mbulu, na kila anapoomba maji huulizwa habari za huko atokako. Asubuhi amesema kwamba ng'ombe wawili wamekufa kwa maradhi; jua likichwa, kinywani mwa mtu wa nne, zizi zima limekwisha. Pengine hakuna hata mmoja aliyekusudia kusema uongo. Lakini mfugaji aliyeipata habari ile ya jioni huenda amekwisha uza mifugo yake yote kwa hasara.

Basi kujua jinsi habari inavyozaliwa, inavyobebwa na inavyobadilika njiani si jambo la anasa. Ni ulinzi wa mali, wa heshima, na pengine wa maisha. Kwa sababu hiyo twaleta leo habari za mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta habari na kuziuza. Wengi wamesikia jina la Henry Morton Stanley, nao humdhania kuwa msafiri tu. Walio wachache wajua kwamba alikuwa mwandishi wa gazeti, na kwamba ni gazeti la Marekani lililomleta Ujiji.

1. Kazi mbili za gazeti

Kwanza tutenge maneno mawili. Mhariri, yaani mtengenezaji wa gazeti, hukaa ofisini. Yeye huchagua habari ipi itapigwa chapa na ipi itatupwa, huwalipa waandishi, na lawama ya neno lolote lililochapwa humwangukia yeye. Mwandishi wa habari ndiye mguu na jicho la mhariri: huenda mahali penyewe, huona, huuliza, huandika, kisha hupeleka. Tena wako waandishi wa vita, ambao hufuatana na majeshi ili kuwaandikia watu wa nyumbani yanayotukia huko.

Kazi ya mwandishi wa vita ni ya hatari kwa namna mbili. Hatari ya kwanza ni risasi na homa. Hatari ya pili ni kwamba mwandishi hula chakula cha jeshi moja, hulala katika hema za upande mmoja, na hatimaye huona vita kwa macho ya upande huo. Hatari hii ya pili haimwui mwandishi, bali huiua kweli. Msomaji aishike moyoni, maana tutairudia.

2. Utoto na ujana wake

Stanley hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 mjini Denbigh, katika nchi ya Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, wala mtoto hakulelewa na baba yake. Alipokuwa na miaka 6 akapelekwa katika nyumba ya maskini huko St Asaph, akakaa humo miaka 9 hivi, akipata humo kusoma na kuandika.

Alipokuwa kijana akapanda merikebu Liverpool kama mtumishi wa chombo, akafika New Orleans katika Marekani. Huko akajitwalia jina la mfanya biashara mmoja, Henry Stanley. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe. Lakini wataalamu waliochungua maisha yake wameona sababu nyingi za kutilia shaka hadithi hiyo. Basi tangu mwanzo twaona tabia yake: alikuwa fundi wa kusimulia, na mara nyingine usimulizi ulikimbia mbele ya mambo yenyewe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, akaingia jeshi la Kusini. Mwezi wa Aprili 1862 alikuwapo katika mapigano ya Shiloh, ambapo kwa siku 2 watu zaidi ya 23,000 wa pande zote mbili waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Stanley akatekwa, akafungwa karibu na Chicago, akakubali kuingia jeshi la Kaskazini, akaugua, akaachiliwa. Mwaka 1864 akaandikwa katika manowari za Kaskazini kama karani wa merikebu, na mwaka uliofuata akatoroka. Ni watu wachache walioviona vita vile wakiwa jeshi la huku, kisha jeshi la huko, kisha baharini. Mambo hayo hayakumpatia sifa ya uaminifu, lakini yalimpatia jambo la kuandika.

Mwaka 1867 akawa mwandishi wa gazeti la Missouri Democrat la mji wa St. Louis, akafuatana na jeshi la Jenerali Hancock lililokwenda kupambana na Wahindi Wekundu, wenyeji wa mbuga za Marekani. Alihudhuria pia mikutano ya amani ya Medicine Lodge mwezi wa Oktoba mwaka ule. Hapo alijifunza kuandika upesi, na kuandika maneno ambayo watu wa mjini wangependa kununua.

3. Vita vya Uhabeshi na waya wa Suez

Mwisho wa mwaka 1867 akaenda New York kwa James Gordon Bennett kijana, mwana wa mwanzilishi wa gazeti la New York Herald. Gazeti hili lilikuwa na wasomaji wengi mno. Waingereza walikuwa wakijitayarisha kwenda kupigana na Mfalme Tewodros wa Uhabeshi, aliyekuwa amewafunga Wazungu kadha. Stanley akaomba kutumwa. Bennett akakubali kwa masharti magumu: Stanley ajigharimie safari, naye atalipwa kwa kila barua itakayofaa.

Alipopita Suez, Stanley akafanya jambo ambalo wengine hawakulifikiria. Akaonana na mkubwa wa ofisi ya simu ya waya, akamlipa, wakapatana kwamba simu zake zitapelekwa kabla ya za watu wengine wote. Kisha akaendelea hata Uhabeshi. Jenerali Napier alikuwa na askari wapata 13,000, na tembo 44 walioletwa kutoka Bara Hindi ili wabebe mizinga. Tarehe 13 Aprili 1868 ngome ya Magdala ikaanguka, na Mfalme Tewodros akajiua asikamatwe.

Waandishi wote wakakimbilia pwani. Simu ya Stanley ikapita kwanza kama ilivyoagizwa. Mara ilipokwisha kupita, waya uliolazwa chini ya bahari kati ya Alexandria na Malta ukakatika, na simu za wengine zikakwama. Kwa hiyo watu wa London walizijua habari za ushindi wa jeshi lao wenyewe kutoka gazeti la Marekani, na serikali yao ilikuwa haijapata neno lolote. Kwanza wengine walimwita Stanley mwongo. Barua za jeshi zilipofika, ikaonekana amesema kweli. Tangu siku ile jina lake likajulikana.

Hapa mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi: je, kumlipa karani wa simu ili atangulize habari zako ni werevu au ni rushwa? Gazeti lilisifu. Lakini simu ni njia ya watu wote, kama kisima cha kijiji. Atakayempa mlinzi wa kisima fedha ili ateke kabla ya wenziwe atapata maji kweli. Lakini wenziwe wataona kiu.

4. Agizo la Bwana Bennett

Mwezi wa Oktoba 1869 Stanley alikuwa Hispania akiandika habari za machafuko ya huko. Kwa maelezo yake mwenyewe, Bennett akamwita kwa simu aje Paris, akamwambia amtafute Daktari David Livingstone, wala asihesabu gharama.

Livingstone alikuwa mmisionari na msafiri kutoka Scotland. Aliingia bara mwaka 1866 kutafuta chemchemi za mto Nile na kuchungua biashara ya watumwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama yu hai. Wengi Ulaya na Marekani walitamani kujua. Bennett, kama mhariri mwerevu, alifahamu kwamba gazeti litakalojibu swali hilo litanunuliwa dunia nzima. Basi tuseme wazi: safari ile haikuanza kwa huruma peke yake. Ilianza kwa biashara ya karatasi.

Kabla ya kuja huku Stanley aliamriwa kupita kwanza kufunguliwa kwa mfereji wa Suez, kisha Yerusalemu, Uajemi na Bara Hindi. Akafika Unguja tarehe 6 Januari 1871. Fedha alizotazamia hakuzikuta. Balozi wa Marekani, Bwana Webb, akamdhamini, naye akanunua ushanga, masango na vitambaa. Kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kile cha pamba kilichotoka Marekani, ambacho hata leo wazee wetu hukiita merikani. Wakati ule vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya safari: kwa hivyo hongo ililipwa, chakula kilinunuliwa, na wapagazi walipewa posho.

Akaajiri watu wapata 190, akawagawa katika misafara mitano. Mkubwa wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Mtu huyo alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi akiwa huru. Alikuwa amekwisha waongoza Burton na Speke tangu mwaka 1857, akaijua njia ya bara kabla Stanley hajashika kalamu ya gazeti. Msafara wa mwisho ukaondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871. Wazungu wawili mabaharia aliowachukua, Farquhar na Shaw, wote wawili wakafa safarini. Wapagazi waliokufa ni wengi zaidi. Stanley alitumia mjeledi juu ya watu wake, naye hakuficha. Aliliandika jambo hilo mwenyewe kitabuni mwake.

5. Vita vya Mirambo

Njia yao haikugusa Mbulu wala Hanang. Ilipita kusini kwetu, Mpwapwa na Ugogo, hata Tabora katika Unyanyembe, wakafika huko mwezi wa Juni. Wakakuta njia ya Ujiji imefungwa. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa na vita na Waarabu wa Tabora.

Waarabu walimwambia Stanley kwamba Mirambo ni mnyang'anyi wa misafara. Lakini Mirambo naye alikuwa na neno lake. Waarabu wale walimsaidia Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe na mshindani wake, na bidhaa zilipita mlangoni pake bila yeye kupewa haki ya njia aliyoidai. Stanley hakwenda Urambo kuuliza. Aliamini neno la waliompa nyumba na chakula, tena akafanya jambo ambalo mwandishi hapaswi kulifanya: akatwaa bunduki, akaingia vitani upande wa Waarabu pamoja na watu wake na bendera ya Marekani.

Mwezi wa Agosti 1871 wakashambulia. Kundi moja la Waarabu likateka mji wa Wilyankuru, likarudi limejaa pembe na mateka. Mirambo akawavizia njiani akawapiga, na waliosalia wakakimbia kila mtu kwa mguu wake. Siku chache baadaye Mirambo akaingia Tabora penyewe, akachoma sehemu ya mji. Stanley, akiwa na homa, akaamua kuacha vita na kuzunguka kwa njia ya kusini. Akaondoka tarehe 20 Septemba.

Sasa msomaji asikilize yaliyofuata. Mwezi wa Aprili 1876, katika safari yake ya pili, Stanley akakutana na Mirambo uso kwa uso. Akaona mtu mpole wa maneno, msafi, mwenye adabu na akili nyingi. Wakachanjiana, wakawa ndugu wa damu, na Stanley akaandika kumsifu sana. Mirambo alikuwa ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mwandishi alikwenda kumwona mwenyewe. Miaka 5 ilipita, na katika muda huo wasomaji wa New York na London walimjua mtemi yule kwa maneno ya adui zake peke yake. Wahenga walisema, “Asiyekuwapo na lake halipo.” Kila mzee anayeamua shauri barazani aijua hatari hiyo, mwandishi wa habari naye ni mwamuzi wa namna yake.

6. Ujiji

Stanley aliandika kwamba aliingia Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Wachunguzi wameona kwamba alikuwa amepotewa na hesabu ya siku kwa ajili ya homa, na kwamba huenda aliingia mapema zaidi. Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, alitoka mbio kuwalaki. Salamu ambayo Stanley alisema alimpa Livingstone ilipata sifa dunia nzima. Lakini kurasa za daftari lake la siku ile zimeng'olewa, wala hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ndivyo alivyosema. Basi neno linalojulikana kuliko yote aliyoandika ndilo lisilo na ushahidi.

Tena liko jambo jingine. Mfuko wa barua za Livingstone ulikuwa umefungwa Unguja tarehe 1 Novemba 1870. Stanley aliukuta umelala Tabora, akauchukua pamoja na mbebaji wake, Kaif Halleck. Ukamfikia mwenyewe yapata mwaka mzima tangu kufungwa, naye hakuwa na haraka ya kuzisoma barua zote; kwanza alitaka kusikia habari za dunia. Stanley akamweleza kwamba mfereji wa Suez umefunguliwa, Jenerali Grant amekuwa Rais wa Marekani, na Ufaransa imeshindwa vitani na Wadachi. Livingstone hakuwa amesikia hata moja.

Wakaenda pamoja kaskazini mwa ziwa Tanganyika, wakaona kwamba mto Rusizi waingia ziwani wala hautoki. Wakaagana karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872. Livingstone hakutaka kurudi kwao. Alibaki akitafuta chemchemi, akafa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo.

7. Yaliyotokana na barua zile

Unguja wakati ule haikuwa na waya wa simu. Ulifika mwaka 1879. Kwa hiyo habari za Stanley zilisafiri kwa meli hata penye waya, na tarehe 2 Julai 1872 New York Herald likazitangaza. Wengine wakasema ni uzushi, na barua za Livingstone ni za kughushi. Jamaa zake walipoziona wakautambua mwandiko, na wabishi wakanyamaza.

Katika barua hizo mlikuwa na jambo kubwa kuliko hadithi ya safari. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe kando ya mto Lualaba, Livingstone alikuwa ameona kwa macho yake watu wa wafanya biashara wa watumwa wakiwapiga bunduki wanawake waliokuja kuuza na kununua. Mamia walikufa, wengi majini. Aliandika wazi, akamweleza Bennett kwamba kama maneno yake yatasaidia kuikomesha biashara ile, atalihesabu jambo hilo kuwa kubwa kuliko kuziona chemchemi zote za Nile.

Habari zile zikawachoma watu wa Uingereza. Serikali yao ikamtuma Sir Bartle Frere Unguja, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasipitishwe baharini na wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Sababu zilikuwa nyingi, na wako watu waliokuwa wakipigania jambo hilo kwa miaka mingi. Hata hivyo barua zilizobebwa kichwani na mpagazi kutoka Ujiji zilikuwa na sehemu yake. Hapo twaona faida ya gazeti: jambo lililofanyika sokoni mbali sana, mbele ya watu wasio na mtetezi, likawa halifichiki tena.

8. Karani ambaye hakupata sifa

Katika watu ambao Stanley aliwapeleka kutoka pwani mwaka 1872 wamfuate Livingstone alikuwamo kijana Jacob Wainwright. Naye alikuwa Myao aliyeokolewa kutoka kwa wafanya biashara ya watumwa, akasomeshwa katika shule ya misioni ya Nasik, Bara Hindi. Livingstone alipokufa, Jacob ndiye aliyesoma maombi ya maziko ya moyo wake, na ndiye aliyechonga jina lake na tarehe katika mti. Aliandika pia daftari la siku za safari ile ambayo Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Tarehe 18 Aprili mwaka ule Livingstone akazikwa Westminster mjini London, na Jacob alikuwa mmoja wa walioshika jeneza.

Stanley aliitwa mwandishi, akapata fedha na nishani. Jacob hakuitwa mwandishi na mtu yeyote. Lakini aliyoyaandika aliyaona, wala hakuyatia chumvi ili yauzike. Walimu wawaambie watoto wetu kwamba Mwafrika mwenye kalamu alikuwapo tangu zamani zile.

9. Safari ya pili, na jirani zetu wa Vinyata

Mwaka 1873 Stanley alikwenda Afrika ya Magharibi kuandika habari za vita vya Waingereza na Waashanti. Aliporudi akapewa kazi na magazeti mawili pamoja, Daily Telegraph la London na New York Herald, aje amalize kazi ya Livingstone. Akatoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874 na watu zaidi ya 300, na mashua iliyogawika vipande.

Safari hii alikaribia kwetu. Kutoka Ugogo aligeuka kaskazini, akapita nchi ya Wanyaturu, jirani zetu wa magharibi. Huko Vinyata, mwezi wa Januari 1875, Kaif Halleck, yule mbeba barua wa Ujiji, aliachwa nyuma kwa ugonjwa akauawa. Halafu ikazuka vita ya siku tatu. Watu wengi wa msafara wakafa, na vijiji vya wenyeji vikachomwa. Habari zote tulizo nazo za vita hiyo zatoka katika kalamu ya Stanley. Wanyaturu walimwonaje mgeni huyu aliyeingia na mamia ya watu wenye njaa na bunduki? Hakuna aliyewauliza. Vivyo hivyo nchi yetu ya Wairaqw haikutiwa katika vitabu vya wageni hata alipopita Oscar Baumann mwaka 1892, naye pia aliandika ayaonavyo mpita njia.

Mwezi wa Aprili 1875 Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Barua yake ya kuwaita wamisionari ikachapwa na Daily Telegraph tarehe 15 Novemba 1875, na mwaka 1877 wamisionari wa kwanza wa Kiingereza wakafika. Karatasi moja iligeuza mambo ya nchi nzima. Lakini barua nyingine ilimletea aibu. Katika kisiwa cha Bumbire, ziwani Victoria, wenyeji walimtendea jeuri. Baada ya miezi michache akarudi makusudi, akawapiga risasi wakiwa pwani nao hawawezi kumfikia. Kisha akaandika habari hiyo kwa majivuno, pamoja na hesabu ya waliouawa. Watu wengi Uingereza wakachukizwa. “Njia ya mwongo ni fupi,” twasema. Njia ya mwenye majivuno nayo si ndefu.

Tarehe 9 Agosti 1877 akafika Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, akiwa amethibitisha kwamba Lualaba ni Kongo wala si Nile. Wazungu watatu aliotoka nao wote wamekufa, na katika watu wa Unguja na bara waliosalia walikuwa chini ya nusu.

10. Karani wa Liverpool

Baada ya hayo Stanley aliacha gazeti, akamtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo tangu mwaka 1879 hata 1884. Alijenga vituo na kupata mikataba, na juu ya msingi huo Leopold akasimamisha utawala ambao baadaye uliwaua na kuwakata mikono watu wasiohesabika kwa ajili ya mpira na pembe. Stanley alipita tena nchi yetu mwaka 1889, akitoka kumtafuta Emin Pasha, akafika Bagamoyo mwezi wa Desemba. Akafa London tarehe 10 Mei 1904.

Aliyeifichua Kongo hakuwa shujaa wa safari. Alikuwa Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool. Kazi yake ilikuwa kutazama vitabu vya mizigo. Akaona kwamba meli zatoka Kongo zimejaa mpira na pembe, nazo hurudi huko na bunduki na risasi, bila bidhaa za kuwalipa wenyeji. Akajiuliza: wanalipwa nini hao wavuna mpira? Akafahamu kwamba hawalipwi. Akaacha kazi, na mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail, akawa mhariri, akachapa ushahidi juu ya ushahidi. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakwisha mara moja, lakini uongo ulikwisha. Stanley alitembea maelfu ya maili. Morel alisoma hesabu kwa uangalifu.

11. Mafunzo yetu

La kwanza: tuulize nani ameona. Aliyeona, aliyesikia, na aliyesikia kwa aliyesikia si watu wa daraja moja.

La pili: tuulize upande wa pili umesema nini. Mirambo alingoja miaka 5. Wanyaturu wa Vinyata hawakuulizwa kamwe.

La tatu: tusiifanye habari ya kwanza kuwa ya mwisho. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, hesabu ya waliokufa iliyotajwa mwanzoni haikudumu. Iliendelea kupanda hata ikapita 80, kadiri watu walivyozidi kupatikana. Walioitaja hesabu ya kwanza hawakusema uongo. Lakini mwenye jamaa huko alihitaji kujua kwamba hesabu ile ni ya saa ile tu. Kwa hiyo kila mpeleka habari aseme pia saa ya habari yake.

La nne: tuulize nani anafaidika habari hii ikiaminiwa. Mwenye kununua ng'ombe kwa bei ya chini hupenda uvumi wa maradhi.

La tano: anayejua kuandika na aandike, hata kama hakuna gazeti linalomlipa. Daftari la mwalimu, kitabu cha baraza, hesabu ya ghala: hivyo ndivyo vitakavyosema siku ambayo waliokuwapo hawapo tena.

Maswali kwa shule

1. Eleza tofauti ya kazi ya mhariri na kazi ya mwandishi wa habari.
2. Kwa nini simu ya Stanley kutoka Suez ilitangulia zote? Je, waona ilikuwa haki?
3. Stanley alimwandikaje Mirambo mwaka 1871, na alimwandikaje mwaka 1876? Ni nini kilichobadilika?
4. Andika habari ya jambo moja lililotukia kijijini kwako wiki hii. Taja uliyoyaona mwenyewe, uliyoambiwa, na jina la kila aliyekuambia. Kisha mpelekee mtu wa upande wa pili aisome kabla hujampa mwalimu.